Uzi: Kesi ya mwingiliano wa masafa: ni ya anayerusha peke yake, au kipokezi nacho kina la kujibu?

MzeeWaAntena (Tanga)

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote wenye hamu ya masafa. Nina jambo lililonikaa kooni tangu mwezi wa Rajabu, na kwa kuwa humu kuna mafundi, wahandisi na wenzangu wenye leseni za redio ya ridhaa (wanaorusha na kupokea kwa mapenzi yao, si kwa biashara), nimeona nilitandike hapa tulichambue bila haraka.

Jioni ile nilikuwa kwenye bendi ya mita 40, karibu na 7 MHz, nikizungumza na mwenzangu wa Maskati kwa SSB (mtindo wa kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi), wati 100, antena ya waya iliyofungwa kati ya mnazi na paa. Hatujamaliza hata kupeana ripoti za usikivu, mlango ukabishwa. Alikuwa kijana wa madrasa ya jirani, anatweta. "Shikamoo mzee. Maalimu anasema sauti yako inatoka kwenye spika za msikiti, na darasa limeshindikana." Nikafuatana naye, nikimwacha mwanangu, ambaye naye ana leseni, aketi kwenye redio na kuhesabu moja hadi kumi. Kweli bwana, spika zilitoa sauti ya bata aliyekabwa shingo: maneno hayashikiki, lakini yanapanda na kushuka kwa mwendo wa mtu anayesema.

Kabla hamjanihukumu, nitaje hali ya mtambo wangu. Nilikuwa ndani ya 7,000 hadi 7,200 kHz, bendi ambayo katika Kanda ya Kwanza ya ITU (shirika la Umoja wa Mataifa linalogawa masafa), kanda yenye Afrika nzima ndani yake, imetengewa sisi. Mawimbi ya ziada nje ya bendi niliyapima, yako chini ya wimbi kuu kwa zaidi ya desibeli 50, yaani ni dhaifu kwa zaidi ya mara laki moja. Kilichotokea ni kwamba waya wa spika kutoka kwenye amplifaya hadi juu ya mnara una urefu wa mita 20 hivi, na mita 20 ndiyo nusu ya urefu wa wimbi la 7.1 MHz. Waya ule ni antena nzuri kuliko antena za wengi wetu. Umeyavuna mawimbi yangu, ukayaingiza ndani ya amplifaya, na transista ya kwanza iliyotakiwa kukuza sauti ya maalimu ikafanya kazi ya daiodi ya redio ya zamani. Amplifaya haikuombwa kuwa redio, ikajifanya redio.

Sasa swali langu. Katika mazungumzo yote ya mwingiliano, anayetafutwa kwanza ni mwenye antena ndefu. Geuzeni vifaa vyenu vya umeme mtazame nyuma: vingi vina maneno ya kanuni za Marekani yanayosema kwamba kifaa hicho hakiruhusiwi kuleta mwingiliano wenye madhara, na kwamba lazima kikubali mwingiliano wowote kinaoupata, hata ule utakaokifanya kitende kisivyotakiwa. Maana yake ni kuwa mnunuzi amekwisha kutia saini bila kusoma. Bunge la Marekani lenyewe, mwaka 1982, liliipa tume yao ya mawasiliano, FCC, mamlaka ya kuweka kiwango cha chini cha ustahimilivu kwa vifaa vya nyumbani, baada ya miaka mingi ya ugomvi kati ya wanaridhaa na majirani zao. Tume ikachagua kuwaachia viwanda viwango vya hiari. Je, hiyari hiyo ndiyo iliyonifikisha mimi msikitini nikiwa na kandambili mguuni, nikiomba radhi kwa kosa la amplifaya?

FundiMvita (Mombasa)

Shikamoo mzee. Nimecheka hiyo ya bata, ila nitakupinga kidogo kwa niaba ya wateja wangu. Mwenye amplifaya hajui bendi wala harmoniki (marudufu ya wimbi kuu). Anachojua ni kwamba kabla ya mnazi wako kufungwa waya, spika zake zilikuwa kimya. Ukimwambia kwamba kifaa chake ndicho kibovu, atakuona mtu anayemwagia mwenziwe maji kisha anamlaumu kwa kutovaa koti la mvua.

Lakini nina ushahidi wa kukusaidia. Mimi hufungua amplifaya, chaja na adapta za taa kila siku. Bodi nyingi za bei rahisi zimechapishwa vizuri: utaona alama ya koili ya kuzuia mawimbi pale umeme unapoingilia, utaona nafasi ya kapasita pembeni yake, herufi na namba zimeandikwa. Kisha juu ya alama ya koili kuna kipande cha waya kilichopinda kimechomewa kwa risasi, na nafasi za kapasita ni matundu matupu. Mchoraji wa saketi alijua kinachotakiwa. Sampuli iliyokwenda maabara kuombewa kibali huenda ilikuwa nazo zote. Zilizokuja kwenye kontena ndizo hizo zenye waya. Kwa hiyo tatizo si kukosekana kwa kiwango tu, ni kiwango kinachokaguliwa mara moja mlangoni na hakifuatwi tena dukani.

Tuambie, uliimalizaje?

MzeeWaAntena (Tanga)

Marahaba fundi, na koti la mvua nimelipokea. Niliimaliza kwa vipande viwili vya feraiti (jiwe jeusi la chuma linalozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya) vya mviringo, mchanganyiko ule unaoitwa 31, ambao hufanya kazi vizuri kwenye masafa mafupi. Waya wa spika, nyuzi zote mbili pamoja, niliuzungusha mara saba kwenye kimoja, karibu kabisa na amplifaya, na waya wa kipaza sauti nikaufanyia vivyo hivyo kwenye cha pili. Wengi huubana feraiti juu ya waya mara moja, wakiona haujasaidia wanasema feraiti ni uongo. Kizuizi chake hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kwa hiyo mizunguko saba si mara saba ya mmoja, ni karibu mara 49. Kisha nikachomea kapasita ndogo ya namba 102 kwenye mlango wa kipaza sauti, kutoka kwenye waya wa sauti hadi kwenye chasisi. Bata akafa hapo hapo. Maalimu akanipa chai.

Gharama yote haikufika bei ya kuku, na ndiyo hasira yangu: kiwandani ingekuwa ndogo zaidi.

MhandisiZiwani (Mwanza)

Shikamooni wazee wangu. Naomba tuyatenge mambo mawili ambayo mzee ameyafunga katika furushi moja, kwa sababu hata sheria huko nje huyatenga.

Amplifaya ya msikiti si kipokezi. Haina leseni ya masafa, haikusudiwi kusikia chochote hewani, na kinachodaiwa kwake ni ustahimilivu tu. Kipokezi cha kweli kina shida ya namna nyingine: kimetengenezwa ili kisikie, kwa hiyo hakiwezi kuzibwa masikio. Kinatakiwa kisikie kinachokihusu na kiache kinachopita jirani, na hapo ndipo ubora wa vichujio na wa ngazi ya kwanza ya ukuzaji unapohesabika. Mrushaji anaweza kuwa msafi kabisa, yumo ndani ya mipaka yake, na bado kipokezi cha bendi ya jirani kikalewa, kwa sababu kimeacha mlango wazi mpana kuliko nyumba kilichopewa.

Hili si la nadharia. Mnamo Januari 2011, FCC iliiruhusu kwa masharti kampuni ya LightSquared kujenga mtandao wa minara ya ardhini katika masafa yaliyokuwa ya setilaiti, 1,525 hadi 1,559 MHz. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni GPS, ambayo wimbi lake maarufu liko 1,575.42 MHz. Majaribio yakaonyesha kwamba vipokezi vingi vya GPS vilikuwa vinazidiwa, si kwa sababu minara ilivuka mpaka, bali kwa sababu vipokezi vyenyewe vilikuwa vinachungulia ng'ambo ya mpaka kwa miaka yote ambayo huko kulikuwa kimya. Februari 2012 tume ikatangaza kusudio la kuiondoa ruhusa, na Mei mwaka huo kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Miaka kumi baadaye, Januari 2022, ikawa zamu ya ndege: simu za 5G zilipoanza kuwashwa Marekani katika bendi ya 3.7 hadi 3.98 GHz, vipimo vya urefu vya ndege vinavyotumia 4.2 hadi 4.4 GHz vikatiliwa shaka, ingawa kulikuwa na nafasi ya 220 MHz katikati, na Emirates ikasitisha kwa muda safari zake za miji kadhaa ya Marekani. Hatimaye wenye ndege ndio waliolazimika kufunga vichujio au kubadilisha vifaa.

Tume ile ile ilikwisha kuuliza mwaka 2003 kama viwango vya vipokezi viwekwe. Mwaka 2007 ikafunga faili bila kuweka chochote, ikalifungua upya Aprili 2022, na Aprili 2023 ikatoa tamko la sera. Tamko lile halikuweka kiwango hata kimoja cha lazima, ila limesema jambo ambalo mzee angelipenda: kwamba mwenye kipokezi naye ana wajibu wa kujikinga na nguvu zilizo nje ya masafa yake, kama vile mrushaji alivyo na wajibu wa kutomwaga nguvu nje ya yake. Ulaya walitangulia kwa sheria. Maelekezo yao ya vifaa vya redio ya mwaka 2014, namba 2014/53/EU, yaliyoanza kutumika Juni 2016, yanadai kipokezi nacho kitumie masafa kwa ufanisi, na yameziingiza hata redio na televisheni za kupokelea tu, ambazo sheria ya kabla yake ya 1999 ilikuwa imeziacha nje.

Kwetu mfano wake umesimama juu ya mapaa. Dishi kubwa la futi sita au nane linalopokea bendi ya C lina LNB (kikuza mawimbi kilicho mdomoni mwa dishi) ambayo mara nyingi iko wazi kuanzia 3.4 GHz hadi 4.2 GHz, ilhali chaneli zinazotafutwa ziko juu ya 3.7. Mnara wa intaneti wa 3.5 GHz ukisimamishwa mtaani, picha zinapotea, na mwenye dishi anaapa kwamba mnara unamwibia masafa. Mnara haujamwibia. LNB yake inakuza vyote, na inazidiwa na kile isichokihitaji. Ukiifunga kichujio mbele yake, picha hurudi na mnara ukiwa pale pale.

MtuWaMaskati (Maskati)

Salaam. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa mazungumzo yale ya mzee, nikabaki naita dakika ishirini nikidhani masafa yamefunga, kumbe mwenzangu yuko msikitini anakunywa chai.

Dada Mhandisi amesema vema, lakini nataka kutia tahadhari. Sisi wanaridhaa tunaipenda hoja ya viwango vya vipokezi pale sisi tunapokuwa warushaji na wengine wanalalamika. Tuitazame pale inapotugeukia.

Bendi yetu ya sentimita 23, 1,240 hadi 1,300 MHz, tunaitumia kwa daraja la pili, yaani haturuhusiwi kumsumbua mwenye daraja la kwanza. Katikati yake pamekaa wimbi la E6 la Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya, 1,278.75 MHz, ambalo tangu Januari 2023 linabeba huduma ya vipimo vya usahihi mkubwa, bila malipo kwa yeyote. Mwaka 2019 Ufaransa ikataka suala hilo liingie kwenye ajenda ya Mkutano wa Dunia wa Masafa, na likajadiliwa miaka minne hadi Dubai, Novemba na Desemba 2023. Tulihofia kupoteza bendi. Tulichopata ni waraka wa mwongozo wa ITU, M.2164, wenye hatua za kiufundi ambazo mamlaka za nchi zinaweza kuzitumia kulinda setilaiti, na bendi ikabaki.

Katika majadiliano yale, wengi wetu walisema: mawasiliano yetu ya wimbi jembamba yako karibu na 1,296 MHz, zaidi ya 17 MHz kutoka katikati ya E6. Sehemu nene ya wimbi lile ina upana wa kama 10 MHz tu, tano kila upande. Kama kipokezi kingekuwa na kichujio kinachoishia hapo, kisingetusikia. Lakini vipimo vya Galileo wenyewe vinamruhusu mtengenezaji kufungua mlango wa takribani 41 MHz, kwa sababu upana zaidi humpa usahihi zaidi, na mlango wa upana huo unatumeza hata sisi wa 1,296. Nani mwenye haki? Kwa kanuni ni wao, kwa kuwa sisi ni wageni katika nyumba ile, na mgeni hamwambii mwenyeji apunguze madirisha. Kwa fizikia, kipokezi ndicho kilichochagua kusikia mbali.

Jambo la pili: tukidai kila kipokezi kifikie kiwango ndipo kilindwe, je, kipokezi alichojijengea mwanaridhaa mezani kwake kitapita? Ulaya wameliona hilo, na maelekezo yale yamewaachia nje wanaojijengea, wanaounganisha vipande wenyewe, na wanaorekebisha vifaa vya kibiashara kwa matumizi yao. Tukiandika yetu, kipengele hicho kisisahaulike.

MzeeWaAntena (Tanga)

Bwana wa Maskati, chai ilikuwa ya tangawizi, sikuweza kuiacha. Mfano wako wa sentimita 23 umenibana, nakiri. Nilianzisha uzi huu nikitaka mtu aniambie sina kosa, na sasa naona kwamba "sina kosa" ya mwenye daraja la kwanza kwenye mita 40 na "sina kosa" ya mgeni kwenye sentimita 23 hazilingani, hata kama kichujio kinachokosekana ni kile kile.

MwanafunziDodoma

Shikamooni. Mimi bado nasomea mtihani wa leseni, ninasikiliza tu. Nina kidude cha USB cha kupokelea masafa kwa kompyuta, kile cha biti 8, na waya wa mita 15 juu ya bweni. Nina malalamiko mawili. La kwanza, kwenye 7,185 kHz, ndani ya bendi yenu, kuna kituo cha matangazo kinachosema na kupiga muziki, kinasikika vizuri. Nilidhani ni haramu kutangaza hapo. La pili, nikihamia 145 MHz ninasikia vipande vya muziki wa redio za FM za mjini na mkwaruzo mtupu. Je, haya ni makosa ya vituo, au ya kipokezi changu? Na kama ni ya kipokezi, ni namba gani ningeitazama kabla ya kununua?

MzeeWaAntena (Tanga)

Marahaba mwanangu. Kituo cha matangazo hakitakiwi kuwa 7,185 katika kanda yetu tangu Machi 2009, walipohamishiwa juu ya 7,200. Kwa hiyo kabla ya kumshitaki mtu kwa mamlaka, jishitaki mwenyewe kwanza.

Vituo viwili vyenye nguvu vikiingia pamoja kwenye kipokezi dhaifu, huzaana. Chukua kimoja kilichoko 7,255 na kingine 7,325: zidisha cha kwanza mara mbili, toa cha pili, unapata 7,185. Hewani hapana kitu hapo, mtoto kazaliwa ndani ya kipokezi. Namna ya kumfichua ni hii: punguza mawimbi yote yanayoingia kwa desibeli 10. Redio kubwa zina kitufe cha ATT. Wewe jitengenezee kwa resista tatu, moja ya omu 68 katikati ya njia, na mbili za omu 100, kila upande moja, zikienda ardhini. Kituo cha kweli kitashuka desibeli 10. Mtoto wa vituo viwili atashuka kama 30, yaani atatoweka.

Kuhusu namba: wauzaji hutangaza usikivu, eti redio inasikia sehemu ya mikrovolti. Kwenye mita 40 kelele za hewani zenyewe ziko juu ya hapo, usikivu huo hutautumia kamwe. Namba ya maana ni nafasi kati ya wimbi dogo kinaloweza kulisikia na wimbi kubwa kinaloweza kulistahimili pembeni yake, ipimwe mawimbi yakiwa kilohezi 2 tu kutoka kwako, maana miaka ya nyuma walikuwa wakipima kwa kilohezi 20 na kila redio ilionekana shujaa. Kwa hesabu yangu, ikifika desibeli 85 umestarehe, na 100 ni anasa ya mashindano.

Hilo la FM ni kuzidiwa kwa kawaida. Chukua waya wa antena wa koaksia, aina ya RG-58, kata sentimita 50, uiunge kwa kiungo cha T pale antena inapoingia, na ncha ya mwisho iache wazi. Kipande hicho ni robo ya wimbi kwenye 98 MHz na kitazivuta FM za katikati ya bendi ardhini. Ukitumia koaksia ya televisheni yenye povu ndani, iwe sentimita 63 hivi. Kinafaa kwa kupokea tu. Siku ukipata leseni ukarusha nacho, SWR (kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena) itakusuta.

FundiMvita (Mombasa)

Mwaona sasa? Kijana huyu ndiye hoja yangu. Kipokezi chake kisingefaulu kiwango chochote mnachokidai, wala vingi ninavyouza. Lakini bila kidude hicho asingekuwa humu anauliza. Mkiweka kiwango cha lazima cha vipokezi, bei itapanda, na wa kwanza kufungiwa nje ni yeye na mwenye redio ya betri kule shambani. Kwangu mimi bora afundishwe kukata sentimita 50 za koaksia kuliko kulindwa na sheria inayomnyima kifaa.

MhandisiZiwani (Mwanza)

Bwana fundi, sidai kiwango cha kufungia watu nje. Nadai namba iandikwe kwenye boksi. Mamlaka zetu hutoa idhini za vifaa kwa kutazama ripoti za maabara, na kwa kuwa tuko Kanda ya Kwanza ripoti nyingi huja kwa viwango vya Ulaya, ambavyo kwa redio ya ridhaa inayouzwa madukani ni EN 301 783. Namba zipo, zimelala kwenye faili. Mnunuzi akiambiwa "kipokezi hiki huzidiwa mbele ya mnara wa FM", atanunua akijua, na siku akilalamika, mpokeaji wa malalamiko ataanzia mahali pa haki badala ya kuanzia kwenye mnazi wa mzee.

Mdogo wangu wa Dodoma, ongeza jambo moja kwenye jaribio. Kidude chako cha biti 8 kina nafasi ya desibeli kama 50 tu, na kikizidiwa hakifuati sawasawa ile kanuni ya 10 kwa 30. Tena andika saa unazokisikia kituo hicho.

MwanafunziDodoma

Nimefanya. Kipande cha koaksia kimefanya kazi, 145 MHz imenyamaza na jana nimesikia watu wawili wakizungumza. Ahsante sana mzee.

Cha 7,185 kimenishangaza. Nimefunga resista tatu na kituo kimeshuka desibeli 10 kamili, si 30. Kwa kipimo cha mzee, basi ni kituo cha kweli. Lakini kinasikika saa sita mchana hadi saa kumi, kisha kinafifia, na usiku hakipo kabisa.

MtuWaMaskati (Maskati)

Mchana? Mita 40 saa sita mchana haifiki mbali. Hicho hakiko 7,185.

MhandisiZiwani (Mwanza)

Ndiyo sababu niliuliza saa. Mdogo wangu, kwenye masafa mafupi kidude chako hakina kichujio, kinachukua sampuli moja kwa moja, milioni 28.8 kwa sekunde. Kitu chochote kilicho juu ya nusu ya hapo, 14.4 MHz, hujikunja na kuangukia chini kama kivuli. Toa 7,185 kwenye 28,800. Hapo kipimo cha mzee hakiwezi kukusaidia, kwa kuwa kivuli hushuka sawa na mwenye kivuli. Tafuta redio nyingine usikilize bendi ya matangazo ya mita 13.

MzeeWaAntena (Tanga)

Nimefundishwa uzeeni. Sikulifikiria hilo hata kidogo.

MwanafunziDodoma

Nimepata 21,615. Bwenini hakuna redio ya masafa mafupi, ila mlinzi wa getini anayo moja ya mkonga, kioo chake kimepasuka na namba za juu zimefutika. Ameniazima wakati wa chakula cha mchana. Nikaizungusha taratibu karibu na pale panapopaswa kuwa 21.6, na huku simu ikinionyesha 7,185 ya kule chumbani. Mtangazaji ni yule yule, neno kwa neno, isipokuwa redio ya mlinzi inamtangulia kidude changu kwa sekunde moja hivi. Mlinzi ameniuliza ninatafuta nini. Nimemwambia ninatafuta mwizi wa masafa, na nimempata juu ya paa la bweni.

Fundi, kichujio cha kupitisha chini ya 14 MHz ninaweza kukisuka mwenyewe, au unacho dukani?

FundiMvita (Mombasa)

Sina, na usinunue. Niandikie pembeni, nitakutumia mchoro wa koili tatu na kapasita nne. Koili utazisuka juu ya kalamu ya wino.